SOMO LA LEO: Anaaminiwa kwa Gari Ambalo Halipo, Wewe Unatiliwa Shaka na Mzigo Uko Ndani



Leo tunajifunza kwa mtu ambaye hauzi kitu. Hana duka, hana mzigo, hana bei. Ni mwanafunzi wa usanifu wa magari. Anachora gari ambalo halijawahi kutengenezwa na pengine halitatengenezwa kamwe, analiweka kwenye jalada lake la kazi, na mtu akilitazama anasema, "Hili gari likitoka nalitaka."

Sasa jiulize. Yeye gari hana, na watu wanamwamini. Wewe mzigo unao, umepangwa chini ya kitanda na risiti ya kununulia ipo, lakini mteja anakuandikia inboksi, "Hiyo kweli ipo? Isije ikawa picha tu." Kwa nini iwe hivyo?

Mimi nauza mikoba na mabegi ya mgongoni kwa mtandao, niko Morogoro. Nimeishia kidato cha nne, usanifu sijausoma darasani. Lakini kazi za wanafunzi hawa huwa nazitazama sana usiku nikimaliza kufunga oda, kwa sababu na wao wana shida kama yetu: mtu wa mbali, ambaye hawezi kushika, aamini kwa macho peke yake. Nimekusanya mambo sita. Kaa na daftari.

KWANZA TUELEWANE: GARI LA DHANA NI NINI?

Ni gari linalotengenezwa au kuchorwa ili kuonyesha wazo. Si la kuuza. Kampuni inataka kuona watu watasemaje kabla haijamwaga hela kiwandani.

Gari ambalo wengi hulitaja kuwa la kwanza la namna hiyo ni Buick Y-Job la mwaka 1938, kutoka kampuni ya General Motors ya Marekani. Lilisimamiwa na Harley Earl, mkuu wa usanifu wa kampuni hiyo. Lilikuwa na taa za mbele zinazojificha na madirisha ya umeme, mambo ambayo wakati ule yalikuwa kama ndoto. Halikuuzwa. Earl mwenyewe alilitumia kwa miaka akitembelea, na watu wakaliona barabarani.

Mwanafunzi hana kampuni nyuma yake. Ana penseli, karatasi, na siku hizi kompyuta na kalamu ya kuchorea kwenye skrini. Jalada lake mara nyingi lina sehemu mbili: gari la dhana, na michoro mingine ya watu, mitaa, majengo, hata wanyama. Jalada hilo ndilo linampeleka kwenye ajira. Likishindwa kueleweka, miaka yake ya chuo imemtoka bure. Kwa hiyo hachezi nalo.

Mmoja aliyepita njia hiyo ni Syd Mead, Mmarekani aliyezaliwa 1933. Alimaliza masomo mwaka 1959 katika chuo cha Art Center cha Los Angeles. Akachukuliwa na Ford, kwenye studio yao ya miundo ya baadaye. Hakukaa sana, akatoka, akawa anachora vitabu na katalogi za makampuni, ikiwemo ya chuma, United States Steel. Yaani kampuni inauza chuma, na yeye anachora magari ya kesho yatakayotengenezwa kwa chuma hicho. Huyu mtu tutamrudia kwenye namba tano, usimsahau.

Twende kazi.

1. ANAANZA NA MTU, HAANZI NA GARI

Ukifungua jalada la mwanafunzi mzuri, ukurasa wa kwanza mara nyingi hauna gari kabisa. Una mtu. Anaishi wapi, anafanya kazi gani, anabeba nini, barabara anazopita zikoje. Mfano: muuguzi anayetoka zamu saa saba usiku, anaishi mbali na hospitali, anaogopa kuegesha gizani. Baada ya hapo ndipo gari linakuja, na kila kitu ndani yake kina sababu. Mlango unafunguka hivi kwa sababu ya yule muuguzi. Taa ziko pale kwa sababu yake.

Sisi tunaandikaje? "Begi kali, imara, rangi zote zipo, karibuni." Hilo begi ni la nani? Halina mwenyewe.

Chukua bidhaa yako moja, muwaze mtu mmoja. Mimi nina begi moja la mgongoni ambalo naliandika hivi: "Kwa mwanachuo anayebeba laptop na kupanda daladala. Zipu ya laptop iko upande wa mgongoni, mtu aliye nyuma yako hawezi kuifungua." Begi ni lile lile. Lakini aliyewahi kuibiwa kwenye daladala akisoma hapo anasimama.

Usiogope kwamba ukimtaja mwanachuo, mama wa ofisini ataondoka. Mama wa ofisini naye anapanda daladala.

2. ANAKUPA KIPIMO BILA KUKUAMBIA SENTIMITA

Gari la kwenye karatasi linaweza kuwa dogo kama toi au kubwa kama lori. Macho hayajui. Kwa hiyo mwanafunzi anafundishwa kutumia tairi kama rula. Kwa gari la kawaida, kanuni yao ya kukadiria ni hii: kimo chake ni kama matairi mawili yaliyopandana, na kati ya tairi la mbele na la nyuma yanaingia kama matairi matatu. Akivuruga hapo, gari linaonekana la ajabu hata kwa mtu asiyejua kuchora.

Halafu anamchora mtu amesimama pembeni. Huyo mtu hayupo kwa urembo, ni kipimo. Ukimwona tu unajua paa linamfika wapi, na wewe ukiingia utainama au hutainama.

Mteja wako naye anataka rula. "Ni kubwa kiasi gani?" Wewe unajibu "ni kubwa ya kutosha." Ya kutosha nini? Weka kitu ambacho kila mtu Tanzania amewahi kukishika: daftari la kaunta, chupa ya maji ya lita moja na nusu, simu, kilo moja ya unga kwenye pakiti yake. Mimi mikoba ya mkononi naipiga picha na daftari limeingia nusu, nusu limetokeza. Sentimita naziandika pia chini, lakini daftari linaeleweka haraka kuliko namba.

Kama unauza nguo, mvalishe mtu na useme ana urefu gani na anavaa saizi gani. Kama unauza sufuria, weka sahani ndani.

3. ANAONYESHA NJIA ALIYOPITA

Hapa ndipo wengi tunapoachwa.

Mwanafunzi hakuletei mchoro mmoja uliong'aa akanyamaza. Anakuonyesha vile vichoro vidogo vya mwanzo, vya haraka haraka, vingi kwenye ukurasa mmoja. Unaona alichagua upi na upi akauacha. Halafu mchoro mkubwa. Halafu mfano wa udongo maalumu wa kuchongea, mara nyingi wa robo ya ukubwa halisi, yaani gari la mita nne linakuwa mita moja. Mpaka unafika kwenye picha ya mwisho, umeshaona mikono yake ilivyofanya kazi. Huwezi tena kumwambia ameokota.

Ndiyo maana anaaminiwa. Picha nzuri mtu yeyote anaweza kuipakua. Njia iliyotangulia picha hiyo huwezi kuipakua kwa urahisi.

Wewe njia unayo, ila unaificha ukidhani haipendezi. Una siku unaamka saa kumi na moja kwenda kufuata mzigo. Una wakati wa kukagua zipu moja moja na kutenga mbovu. Una kufunga, kuandika jina la mteja, kupeleka kwenye basi. Piga picha. Weka kwenye status. "Hapa nakagua, katika mabegi 20 mawili nimeyatenga, mshono umeachia." Mteja akiona umetenga mawili, anaamini yale kumi na nane.

Angalizo: ukipiga picha ya vifurushi, funika majina na namba za simu za wateja. Wamekupa wewe, hawajaupa mtaa mzima.

4. ANAKUZUNGUSHA

Gari la dhana halichorwi upande mmoja. Kuna pembe wanayoipenda sana: unalitazama kwa kona, unaona uso wake na ubavu wake kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo ya kukuvuta. Lakini hawaishii hapo. Linakuja la ubavuni, lililonyooka, la kuonyesha uwiano. Linakuja la nyuma. Linakuja la ndani, usukani na viti. Mwisho kipande kimoja kimekuzwa: taa, au kitasa cha mlango.

Kila picha inajibu swali lake. Kona inajibu "linavutia?" Ubavu unajibu "limekaaje?" Ndani inajibu "nitakaaje mimi?" Kipande kilichokuzwa kinajibu "kazi yake ni safi?"

Sasa angalia posti yako. Picha nne, zote mbele, tofauti yake ni rangi tu. Mteja ana maswali manne, umemjibu moja mara nne. Kwa mkoba mimi napiga hivi: kona, mgongo wake, ndani ukiwa wazi, chini kwenye kitako, na mshono wa mkanda kwa karibu. Kile kitako watu wanakidharau, lakini mkoba unaanza kuchakaa huko. Anayejua mikoba anatazama huko kwanza.

5. ANALIWEKA MAHALI PAKE

Tumrudie Syd Mead. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwongozaji wa filamu Ridley Scott alikuwa anaandaa Blade Runner, filamu inayotokea Los Angeles ya baadaye. Akamchukua Mead kwa kazi moja: kuchora magari.

Mead alichora magari. Lakini hakuyaacha yakielea kwenye karatasi nyeupe. Aliyaweka mtaani, usiku, na majengo, na taa, na watu wanapita. Scott alipoziona zile picha, akapenda na kile kilichokuwa nyuma ya gari. Kazi ya Mead ikapanuliwa: mitaa, majengo, na vitu vya ndani. Filamu ikatoka mwaka 1982, na mpaka leo watu wakichora miji ya kesho, wengi wanaitazama ile.

Unaona hapo michoro mingine ya jalada inafanya kazi gani? Yule mwanafunzi anayejua kuchora gari tu, amekuonyesha gari. Anayejua kuchora na watu, na mtaa, na mvua, amekuonyesha maisha yenye hilo gari ndani yake. Huyo wa pili ndiye anayeitwa tena.

Bidhaa yako inaishi wapi? Kama ni kanga, iwe begani kwa mtu, siyo imekunjwa kwenye sakafu. Kama ni kapu la sokoni, liwe na mchicha na nyanya ndani. Kama ni taa ya sola, ipige picha jioni mtoto akisoma, usiipige mchana kweupe. Hakuna gharama hapo. Ni kutoka nje ya chumba tu na kusubiri jua lipoe, saa kumi na moja hivi jioni, mwanga hauchomi na rangi inatoka ile ya kweli.

Ila chagua mahali pa ukweli. Ukiuza mkoba wa shilingi 25,000, ukauweka juu ya boneti ya gari la kifahari la mtu, mteja hauoni mkoba tena. Anaona mtu anayetaka kuonekana.

6. WAZO, MFANO NA BIDHAA NI VITU VITATU

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndiyo sababu ya somo zima.

Gari linapita hatua tatu. Kuna wazo, lipo kwenye karatasi. Kuna mfano, limetengenezwa moja, unaweza kuligusa. Kuna bidhaa, lipo dukani na lina bei. Mwanafunzi makini hachanganyi. Mchoro anausema mchoro.

Tuna mfano wa jirani zetu Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere, wanafunzi na walimu wao walitengeneza gari la umeme la watu wawili, Kiira EV, likaendeshwa hadharani Kampala mwaka 2011. Mwaka 2014 wakaonyesha la pili, Kiira EV SMACK, la viti vitano. Yale yalikuwa mifano. Hukuwa na uwezo wa kwenda kununua moja. Lakini watu waliliona linatembea, na gari likishatembea mbele yako, mjadala wa "ni picha tu" umekwisha. Kwa sisi wauzaji, hiyo ndiyo video. Sekunde 15 unafungua zipu, unafunga, unaweka vitu, unabeba. Linatembea.

Mfano mwingine, Volkswagen. Januari 1994 kwenye maonyesho ya magari ya Detroit waliweka gari la dhana, Concept One, lenye sura ya ile Beetle ya zamani. Wasanifu wake, J Mays na Freeman Thomas, wote walipitia chuo kile kile cha Art Center. Watu walilipenda mno. Kampuni ikaona basi, soko lipo, na kufikia 1998 New Beetle ilikuwa inauzwa. Lakini lililouzwa halikuwa lile lile: la maonyesho lilijengwa juu ya msingi wa gari dogo, Polo, la kuuza likajengwa juu ya Golf. Kwa hiyo walilionyesha upya, hili hapa ndilo mnalonunua.

Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo na kuokoa mtaji. Kabla hujanunua dazeni tatu za kitu kipya, posti picha ya sampuli useme wazi: "Huu mzigo SINA bado. Nataka kujua, ukija kwa shilingi 30,000 nani anachukua?" Hesabu wanaojibu. Usichukue hela. Hilo ni wazo, na umelisema ni wazo.

Balaa linaanza pale mtu anapouza wazo kama bidhaa. Mwaka jana mama mmoja alinipigia simu kutoka mkoa mwingine, analia. Alituma shilingi 45,000 za mabegi mawili ya watoto, shule zinafungua Jumatatu. Picha alizotumiwa zilikuwa zangu. Kucha zangu, ukuta wangu. Aliyemtumia siyo mimi, ni mtu kazichukua kwenye ukurasa wangu na kuweka namba yake. Yule mama aliniona mimi ndiye mwizi, na kwa dakika kumi sikuwa na la kumwambia. Kilichonitoa ni zile picha za njia: nilimtumia video ya mabegi yale yale nikiyakagua, na tarehe, na sauti yangu. Akaelewa. Hela yake haikurudi.

Ndugu yangu, ile 45,000 haikumuumiza yeye peke yake. Mama yule hatanunua tena mtandaoni kwa mtu yeyote, na atawaambia na wenzake kwenye kikoba. Tumempoteza wote, mimi na wewe.

Kwa hiyo weka alama kwenye kila posti. Mimi natumia maneno matatu tu. IPO: ninayo mkononi, picha nimepiga mwenyewe. INAKUJA: nimeshalipia, naisubiri, tarehe hii. WAZO: sina, nauliza tu. Na picha ya kiwandani au ya muuzaji wa jumla nikiiweka, nasema ni ya kiwandani.

KAZI YA NYUMBANI

Wanafunzi wa usanifu wana utaratibu wao. Wanabandika michoro ukutani, walimu na wenzao wanaitazama na kusema wanachokiona. Mchoro ukihitaji maelezo marefu ili ueleweke, bado haujakaa sawa.

Fanya hivyo leo. Chukua bidhaa moja tu, ile inayokaa muda mrefu bila kutoka. Piga picha tano: ya kona, ya kipimo, ya ndani au ya nyuma, ya sehemu moja kwa karibu, na ya mahali pake. Ongeza video ya sekunde 15 ikitumika. Mpe simu mtu wa nyumbani ambaye hajui biashara yako, usimwambie neno. Muulize: hiki ni cha nani? Kina ukubwa gani? Unaamini ninacho? Akikosea swali moja, picha inayokosekana umeshaijua. Irudie hiyo tu.

Kisha andika maneno mawili matatu ya yule mtu mmoja uliyemuwaza, bei, na alama yako: IPO, INAKUJA au WAZO.

Ukimaliza, weka kwenye komenti hapa chini umechagua bidhaa gani na mtu wa nyumbani amekosea swali lipi. Nitapita kwa kila mmoja nikitoka kupeleka mizigo stendi. Na kama una mwenzako anayelalamika wateja wanauliza tu hawanunui, mtumie hili somo alisome taratibu.

Biashara njema.